Vyombo Vitatu Vyeupe Kuliko Vyote

Siku Zipora alipoona jiwe likigeuka maji, alishika kifua akasema, "Mungu wangu, haya makubwa!" Na msimcheke, yalikuwa makubwa kweli. Restuta, mkemia wa maabara, alikuwa amesaga kipande cha jiwe jeusi mpaka kikawa unga, akachota unga kidogo wa kujaa ncha ya kijiko, akautia kwenye chombo cheupe chembamba, akamimina tindikali, akafunga kifuniko na kukiingiza kwenye maikrowevu. Wala si maikrowevu ya kupashia ugali wa jana, ndugu zangu. Ile ilikuwa na mlango mnene kama wa kasha la benki, na ilipokuwa inafanya kazi iliunguruma taratibu, na mtu mwenye akili zake hakuisogelea bila sababu. Ilipopoa, chombo kikafunguliwa ndani ya kabati la kuvuta moshi. Jiwe halikuwemo. Kulikuwa na maji tu, maangavu, hata vumbi huoni.

"Jiwe limekwenda wapi, Madam?"

"Limo humo humo, mama," Restuta akamjibu. "Hakuna kilichopotea. Kila kilichokuwa ndani ya jiwe sasa kimetoka mafichoni, na ile mashine ya pili itakisoma kimoja kimoja."

Zipora akainama, akayatazama yale maji kwa muda mrefu. Alikuwa mama wa makamo, mjane, Mgogo wa kijiji kimoja ng'ambo ya Zuzu, na alikuwa amefagia korido za jengo lile miaka na mikaka bila kujua kuwa nyuma ya mlango wa maabara mawe yanafanywa maji. Mwantum, aliyekuwa mwoshaji wa vyombo, alipomfuata mumewe Kondoa, mkuu wa maabara Bwana Obadia aliuliza ni nani kati ya wafagiaji ana mkono mwangalifu. Wote wakamtaja Zipora. Sifa yake ilikuwa sufuria. Huko anakokaa, mtaa wa Kikuyu, majirani walikuwa wakizipita zimeanikwa kwenye kichanja wakasema huyu mama sufuria zake unaweza kujitazamia ukachana nywele.

Restuta alimfundisha kazi kwa uvumilivu, maana alikuwa binti aliyelelewa. Kila asubuhi alianza na "Shikamoo mama," akaitikiwa "Marahaba mwanangu," ndipo akawa bosi. Alimwonyesha kuwa chombo kimoja ni viwili: ndani kuna kikombe kirefu cha tefloni, cheupe, laini, na nje kuna koti gumu la kuzuia msukumo. Kwanza unaosha kwa maji na sifongo laini. Unasuuza kwa maji ya mashine, yale yasiyo na chochote ndani yake. Unaloweka kwenye tindikali iliyozimuliwa, unasuuza tena, kisha unaviinamisha mdomo chini mahali pasipo vumbi. Dodoma, mahali pasipo vumbi! Labda mbinguni. Lakini Restuta alikuwa na kabati lake lililofungwa kwa kioo, na humo vumbi halikuingia.

Baada ya kuosha kulikuwa na kukagua, na hapo ndipo Zipora alipopapenda. Ulichukua tochi ndogo, ukaimulika ndani ya kile kikombe, na chombo kizima kikawaka kwa nuru laini. Ulitafuta kivuli, doa, mstari. Ulikizungusha taratibu. Ulitazama mdomo kama umepinda, kifuniko kama kimelegea, koti la nje kama limevimba au lina ufa mwembamba. "Huu ufa ukiupuuza," Restuta alisema, "siku moja msukumo utaupata, na ule mlango mnene utatufuata hapa tulipo." Zipora alikumbuka alivyolelewa na mama yake: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini hakuwahi kufikiri kuna ufa ambao ukiuacha hata ukuta utakurukia.

"Na jambo moja, mama. Hiki chombo kinakumbuka. Ulichokiweka jana kinaweza kusema leo kama hukukiosha vizuri. Kwa hiyo usikikwaruze kamwe. Mkwaruzo ni mfuko, vitu vinajificha humo. Brashi ya waya, hapana. Sabuni ya unga, hapana."

"Nimesikia."

Na kweli alisikia. Majivu hayakutajwa. Nani angeyataja?

Jioni alimsimulia mjukuu wake Miriam, mtoto wa binti yake Paulina aliyekuwa akifanya kazi Mpwapwa. Alimwambia kuna chombo kazini kinakumbuka kila kilichowahi kuingia ndani yake. Siku hizo Miriam alikuwa amepoa. Tumbo lilimsokota mara kwa mara, uji aliukataa, na wakati wenzake wakirukaruka nje yeye alikaa karibu na jiko akichora mistari kwenye majivu kwa kidole. Zahanati walimpa dawa ya minyoo. Hata hivyo habari ya chombo ilimwamsha. "Bibi, kinakumbuka hata mimi?" "Wewe hujaingia humo!" wakacheka wote wawili.

Basi ikaja chumvi.

Ilikuja katika mifuko midogo iliyofungwa vizuri, imeletwa na maofisa waliozunguka vijijini kupima chumvi za kienyeji. Zipora alikuwa akipangusa meza alipoona jina la kijiji chao kwenye mfuko mmoja. Moyo ulimruka. Ile ilikuwa chumvi ya kina mama wa kwao, pengine hata ya mdogo wake Sidonia, na hakuhitaji kuionja aijue, kwa rangi yake tu ya kijivujivu. Tangu utoto aliwaona wakienda mbugani kiangazi, ardhi ikishatoa ukoko mweupe, wakikwangua udongo ule na kuujaza kwenye vichujio, wakimimina maji juu na kusubiri yadondoke chini tone kwa tone. Kisha huyachemsha yale maji mpaka chungu kinabaki na chumvi. Akasimama na kitambaa mkononi, mshangao umemjaa. Kumbe mama yake naye alikuwa anageuza udongo kuwa maji ili kilichojificha kitoke! Alikuwa anafanya kazi ya Restuta, ila kwa kuni.

"Ikionekana ina madini mazito," Restuta alimweleza, "wataifunga kazi yote. Wataweka tangazo, chumvi ya kule isiuzwe tena."

Zipora alirudi kupangusa meza. Alijua chumvi ile ni nini. Ndiyo iliyowavalisha watoto wa Sidonia sare za shule. Kule hakuna kingine kiangazi, mtama ukishavunwa ni chumvi au kukaa.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia, maana liliingia kwa mlango wa heshima.

Kati ya vyombo vyote kulikuwa na vitatu vya zamani vilivyokuwa na madoa ya njano chini. Vililowekwa, madoa yakabaki. Restuta alikuwa amesema madoa yale hayadhuru, ni ya uzee tu, lakini Zipora yalimkera. Chumvi ya kwao ije mjini, ipokewe na wasomi, halafu iwekwe kwenye chombo chenye madoa? Hiyo ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa kikombe kichafu! Kwetu msichana anahukumiwa kwa chini ya sufuria yake, na cha kuondoa doa ni majivu. Majivu si brashi ya waya. Majivu ni laini kama unga, ndiyo sabuni ya bibi zetu, na hata kwa mtoto mchanga huyaogopi.

Kesho yake akaja na kopo la siagi lililojaa majivu ya jikoni kwake, ameyachekecha vizuri. Vyombo vilikuwa vimeshatoka kwenye tindikali. Akachukua dodoki lake, akavisugua vile vitatu kwa upendo wote aliokuwa nao, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Akavisuuza kwa maji ya mashine, tena na tena. Madoa yakatoka! Vikawa vyeupe kuliko vyote kabatini.

Restuta alipovifikia alishangaa. "Mama, umevifanyaje hivi? Vimekuwa kama vipya!"

"Nimeviosha tu, mwanangu."

Na kwa kuwa vilipendeza hivyo, Restuta akavichagua hivyo hivyo kwa chumvi ya kijiji kile, mafungu matatu, fungu moja kila chombo. Kwenye chombo kingine kipya akatia tindikali peke yake bila chumvi, kama ilivyo desturi, ili ijulikane kama uchafu unatoka kwenye tindikali au kwenye maji. Zipora alifunga mlango wa maikrowevu kwa mkono wake mwenyewe na kuombea kimoyomoyo.

Majibu yalitoka yakiwa mabaya.

Aliyasikia akiwa anadeki mlangoni. Restuta alikuwa akizungumza na Bwana Obadia, mzee mfupi mwenye sauti nzito asiyependa kurudia neno. Madini ya risasi. Ni yale mazito yanayokaa mwilini na kuharibu damu na akili, hasa za watoto. Mafungu yote matatu yalikuwa nayo, na yalikaribiana. Ile tindikali tupu ilikuwa safi kabisa.

"Basi hakuna mjadala," Bwana Obadia akasema. "Mafungu matatu hayawezi kukosea pamoja. Nitatia saini kesho, wafunge."

Zipora aliegemea fimbo ya deki. Hakuibishia mashine hata kidogo, maana aliiogopa kama anavyoiogopa radi. Alichofikiria ni chumvi yote aliyokula tangu anyonyeshwe, na mama yake aliyezeeka mpaka akasahau umri wake akiila hiyo hiyo. Je, ilikuwa inawala taratibu? Na Sidonia ataambiwaje? Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wa koti lake jeupe la kazi.

Alasiri walikaa pamoja kukagua vyombo, kama kawaida. Restuta akamulika tochi ndani ya kimoja cha vile vitatu, akakunja uso. Akakizungusha. Akamulika cha pili.

"Lo! Hivi vimechakaa. Tazama, mama."

Zipora akatazama. Ndani ya ile nuru nyeupe kulikuwa na mistari, mamia ya mistari, myembamba kama nywele, imezunguka na kuzunguka jinsi mkono wa mtu unavyozunguka anaposugua sufuria. Aliujua ule mzunguko. Ulikuwa wake, na uliinama kushoto kama alivyofundishwa na mama yake.

"Uzee," Restuta akasema, akiviweka pembeni. "Tutavitoa kazini. Bahati nzuri vimetufaa mara ya mwisho."

Mkwaruzo ni mfuko. Zipora aliyasikia maneno yale kana kwamba yanasemwa upya sikioni mwake. Akanyamaza. Na tusimhukumu haraka, maana kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Hakuna aliyejua. Kopo lilikuwa kwenye mkoba wake. Vyombo vinatupwa, saini inawekwa, yeye anabaki na koti lake jeupe na kazi aliyoipenda kuliko yoyote maishani. Akisema, Bwana Obadia atamrudisha kwenye korido, au atamrudisha nyumbani kabisa. Asiposema, kina mama wa mbugani watavunja vichujio vyao kwa kosa la dodoki lake.

Alisimama, akakaa. Akasimama tena.

"Madam," akasema. "Si uzee. Ni mimi."

Akatoa lile kopo mkobani, akaliweka mezani.

Restuta alilitazama kopo, akamtazama Zipora, akashika kichwa. "Majivu? Mama, majivu!"

"Sikujua yanakwaruza. Nilitaka chumvi ya kwetu ikae pasafi. Nisamehe mwanangu, ila wale kina mama msiwafungie. Uchafu ni wangu."

Bwana Obadia alipoitwa, sijui niseme alikasirika au alilipuka. Alizungumza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kazi ya siku nyingi, vyombo vya gharama, jina la maabara! "Kesho usije," akamwambia. "Umesikia? Usije kabisa." Zipora alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Ilimuuma, lakini alihisi kifua kimepata nafasi.

Restuta yeye hakuondoka pale mezani. Alikuwa amefungua kopo, ameinamisha kichwa, anafikiri.

"Bosi, subiri. Majivu ya kuni yana mambo mengi, lakini risasi nyingi kiasi kile? Mabaki tu ya kwenye mikwaruzo? Hainiingii akilini. Niruhusu niyapime haya."

"Pima unachotaka."

Basi wakayapima. Zipora aliruhusiwa kungoja kwenye benchi la korido, korido ile ile aliyoifagia miaka yote. Chumvi iliyobaki mfukoni iliwekwa kwenye vyombo vipya, na majivu punje chache yakawekwa kwenye cha peke yake. Mashine ikaunguruma. Ikapoa. Zikasomwa namba, na kwa kitambo kirefu hakuna aliyetoka.

Mlango ulipofunguliwa, Restuta alikuja akachuchumaa mbele ya benchi, kama mtoto anavyochuchumaa mbele ya mzazi.

"Chumvi ni safi, mama. Haina kitu."

"Asante Yesu!" Zipora akarusha mikono juu. Lakini Restuta hakucheka.

"Majivu ndiyo yenye risasi. Nyingi sana, sijawahi kuona. Mama, zile kuni ulizitoa wapi?"

"Kuni? Si milango na madirisha ya ile nyumba kuukuu waliyobomoa jirani. Walinipa bure, nimepikia msimu mzima."

"Vilikuwa na rangi?"

"Ya kijani, rangi ya mafuta ya zamani. Inabanduka magamba magamba."

Restuta akafumba macho kidogo. "Ni ile rangi. Rangi za zamani zilichanganywa na risasi, na mbao zikiungua risasi haiungui, inabaki kwenye majivu. Na sufuria za nyumbani unasugulia majivu haya haya?"

"Kila siku."

"Unaishi na nani, mama?"

"Na mjukuu wangu tu," Zipora akajibu haraka, kisha mdomo ukabaki wazi.

Aliona kila kitu kwa pamoja. Uji unaokataliwa, mkono mdogo ulioshika tumbo, kidole kinachochora mistari kwenye majivu halafu kinaingia kinywani. Dawa ya minyoo! Alikuwa amempikia mtoto sumu kwenye sufuria zinazong'aa kuliko zote mtaani, na akasifiwa.

"Madam," akanong'ona, "kile kinachopima mawe, kinaweza kumpima mtoto?"

Aliyejibu ni Bwana Obadia. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemwona alipofika, na funguo za gari zilikuwa mkononi mwake. "Hospitali wanapima damu," akasema. "Twende tukamchukue. Twende sasa, mama, inuka."

Hospitalini walimkuta Miriam na risasi kwenye damu. Daktari alisema ni nyingi, ila wamewahi. Mtoto akiondolewa kwenye chanzo na kufuatiliwa, atainuka, na angeendelea mpaka masika ingekuwa habari nyingine. Paulina alikuja mbio kutoka Mpwapwa. Jiko likafukuliwa lote, mbao zilizobaki zikachukuliwa na watu waliojua pa kuzipeleka, majirani waliogawiwa kuni zile wakaitwa na watoto wao. Sufuria zile maarufu zikaoshwa na kuoshwa tena, safari hii kwa sabuni ya kipande na maji mengi. Huko ng'ambo ya Zuzu kina mama waliendelea kukwangua mbuga yao, wala hawakujua walivyokaribia kufungiwa.

Zipora alirudi kazini kwa amri ya mtu yule yule aliyemwambia asije. Bwana Obadia hakuomba radhi, hakuwa na tabia hiyo. Alisema tu, "Mtoto akipata nafuu, uje. Na kwenye mafunzo ya waoshaji, Restuta, ongeza majivu."

Asubuhi ya kwanza alivikuta vile vyombo vitatu juu ya meza ya vitu vya kutupwa. Akavaa koti lake. Akachukua tochi, akaimulika ndani ya kimoja, na chombo kikawaka. Mistari yote ilikuwepo. Watu waliokuwa wameishi naye nyumba kwa nyumba hawakuiona sumu ile. Zahanati haikuiona, na yeye mwenyewe, bibi wa mtoto, akiishika kila siku kwa mikono miwili, hakuiona. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema nguo itakuonyeshaje. Na hiki hapa, kikombe kisicho na jicho wala sikio, kilikuwa kimeikamata punje kwa punje na kukataa kuificha.

Akachukua sifongo laini. Akaviosha vyote vitatu polepole, akavisuuza kwa maji ya mashine, akaviinamisha mdomo chini kwenye kitambaa safi.

Bwana Obadia alipita, akasimama. "Mama Zipora, hivyo si vinatupwa?"

"Najua, bosi," Zipora akasema bila kugeuka. "Niache kwanza nivishukuru."